Kabichi Mgongoni

Mimi Kasimiri ndiye mchekeshaji wa kijiji hiki, na marehemu Felista alikuwa mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu: namtukana, ananitukana, namkamatia kuku wake mchana kweupe, na kukasirika hakuna. Mtani akikasirika, aibu ni yake. Ndivyo tulivyolelewa huku Uluguru, na mimi niliipenda sana sheria hiyo, maana mdomo ninao.

Felista alikuwa mtu wa kawaida tu. Mfupi, mchapakazi, mguuni ana kovu la jembe. Alilima kabichi na karoti kwenye matuta, akashuka nazo Morogoro na tenga kichwani, akauza nyumba kwa nyumba kule Kilakala, kisha akaupanda mlima. Jumapili misa. Mwaka wa sabini na mbili mtoto wake wa pekee, Veronika, wa miaka miwili, alishikwa na surua. Felista alimbeba mgongoni kumpeleka zahanati. Alipofika akafungua kanga, ndipo akajua kwamba amebeba maiti.

Tangu siku hiyo usingizi ukamhama. Alimwambia jirani yake Rosa kwamba kila akijilaza anausikia ule uzito mgongoni. Mumewe Dominiko alihangaika, dawa za miti shamba, novena, wapi!

Wakati huo tulikuwa tumeanza shamba la ujamaa, na siku ya kina mama ilikuwa Alhamisi. Alhamisi moja, kazi imekwisha, wameshuka mtoni kuosha majembe, Felista akasimama pale penye uwanja kando ya maji, akafumba macho, akaanza kujitikisa polepole. Ngoma hakuna, wimbo hakuna. Mabega yakaenda yanakotaka, miguu ikaenda inakotaka. Rosa hakumwuliza kitu. Aliweka jembe chini, akafumba macho, akaingia naye. Mpaka masika walikuwa tisa, kila mmoja na mwendo wake, hakuna anayemfuata mwenzake. Wakichoka, wanakaa kimya mpaka pumzi zitulie, wanachukua majembe, wanarudi kupika.

Nikamwuliza, "Mtani, hiyo ni ngoma gani, ya viziwi?"

Akacheka. "Si ngoma, we mdomo bakuli. Tunauacha mwili useme, sisi tunanyamaza. Karibu. Ila ukija, ingia. Kutazama hapana."

Masharti yao yalikuwa hayo tu, kutazama hapana. Na siku za Alhamisi, Rosa aliniambia, Felista alikuwa analala mpaka jogoo wa pili.

Basi mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikajificha kwenye migomba nikatazama. Alhamisi tatu! Wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kuliona shamba, na mwenyekiti wetu, Mzee Laurenti, alikuwa ameniambia, "Kasimiri, baada ya ngoma utuchekeshe kidogo." Nami nilikuwa natafuta cha kuchekesha.

Siku ikafika. Watu walijaa mpaka kwenye kingo za matuta. Nilijifunga kanga, nikafumba macho, nikaanza. Nilimpata kila mmoja wa wale wanawake wa mtoni, lakini Felista nilimpata zaidi. Yeye akicheza alikuwa anapeleka mkono mmoja nyuma, chini kiunoni, anauacha hapo, huku anayumba. Nilidhani mgongo unamuuma. Basi nikaona nitie chumvi: nikachukua kabichi kubwa, nikaifunga mgongoni kwa kanga ya pili, mkono nyuma, nikayumba nayo uwanja mzima. Loo, watu walicheka! Mgeni mmoja alivua miwani akafuta machozi. Haki ya Mungu, sijawahi kupigiwa makofi kama siku ile, na niliyafurahia.

Wale wanawake tisa hawakucheka. Watu wakageuka kumtazama Felista, maana alikuwa anachekwa na mtani wake, lazima ajibu. Akainuka. Akacheka, tena kwa sauti. "Mtani, leo umeniweza," akasema. Akaja nyuma yangu, akafungua fundo la kanga, akaipokea kabichi kwa mikono miwili, akaondoka nayo.

Alhamisi iliyofuata nilipita mtoni. Hakukuwa na mtu. Ya pili, hakuna mtu. Nikamfuata Rosa kwake, nikamkuta anachambua maharage.

"Kulikoni, mmeacha?"

Hakuinua kichwa. "Ule mkono wa nyuma, Kasimiri. Alikuwa anamshika Veronika."

"Mimi nilidhani mgongo unamuuma. Halafu, Rosa, utani ni utani."

"Ndiyo, utani ni utani. Ndiyo maana hawezi hata kukukasirikia."

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Nikaenda kwa Felista, nikapiga hodi, nikaanza, "Mtani, nimekuja kukuomba..." Akanikatiza pale pale mlangoni. "Mtani haombi msamaha, Kasimiri. Ulinichekesha. Nenda zako." Tena alisema kwa upole. Laiti angenirushia mwiko! Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala, na yalibaki hivyo miaka saba. Alilima, alishuka Morogoro, alisali, lakini mtoni alikwenda kuosha jembe tu. Mimi wakati huo niliendelea kuchekesha harusi za watu.

Mwaka wa themanini na moja Felista alifariki kwa homa ya mapafu. Na ninyi mnajua kazi ya mtani msibani: lazima amwigize marehemu, watu wacheke, machozi yapate kupumua. Nilijaribu kukaa nyuma kabisa. Dada yake, Angelina, akanifuata na kanga ya marehemu mkononi. "Mtani, tufanyie kazi yako." Na kutoka kwenye jamvi la wanaume mtu akapaza sauti, "Ile ya kabichi!"

Nikajifunga kanga. Nikasema moyoni, leo nitaicheza kama alivyoicheza yeye, nimlipe. Nikafumba macho, nikapeleka mkono nyuma. Mwili ukakataa. Ulikuwa unajua ile ya kuchekesha tu. Kila nilipotaka kuyumba taratibu, makalio yalijitupa yenyewe, na watu wakaangua kicheko. Sikuwa na ruhusa ya kuacha mpaka wafiwa waseme basi.

Na pale, macho yamefumbwa, nikaacha kujidanganya. Nimewaambia nilidhani mgongo unamuuma. Uongo. Alhamisi ya tatu, pale migombani, nilimwona akiupigapiga ule mkono nyuma, taratibu, kama anayebembeleza. Nilijua. Nilijua ndipo nikaenda kuchagua kabichi.

Kicheko kikapungua, nikafumbua macho. Rosa alikuwa amesimama, amenipa mgongo. Pembeni yake wa pili, wa tatu, wote wanane waliobaki wa Alhamisi, wamesimama wametazama migomba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ananitazama.

Walinisusa, au walinisitiri? Kutazama hapana, ndiyo yalikuwa masharti yao. Rosa yupo bado, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kila asubuhi ananisalimu vizuri, na mimi naitikia, napita.