Vifimbo Viwili na Nukta Moja

Msidhani mchezo wa televisheni mmeuanza ninyi, wajukuu. Mimi nimeucheza Shangani, Mtwara, miaka ile ya ujamaa, sukari kwa foleni, na televisheni yenyewe haina cha kuonyesha, maana huku kwetu kituo hakuna.

Nilikuwa mpishi kwa mhandisi wa bandari, mtu wa bara. Alisoma ng'ambo, akarudi na televisheni na kisanduku chenye vitufe viwili vya kuzungusha. Ukiwasha, unaona vifimbo viwili vyeupe na nukta inayorukaruka katikati. Unazungusha kitufe, kifimbo kinapanda au kinashuka, unairudisha nukta kwa mwenzio. Ikikupita, umefungwa. Basi.

"Kampuni iliyoutengeneza ni ya vijana tu," aliwatambia wageni wake siku moja. "Walianza na mchezo huu mmoja, sasa wenzao wote wanawaiga!"

Mimi nilikuwa na langu. Kesho yake binti yangu wa kwanza alikuwa anatolewa unyagoni, kijijini kwetu, kule mto Ruvuma unakoingia baharini. Mama asiposimama pale, mwali anatoka kama yatima. Niliomba ruhusa mara tatu. Jibu lile lile: wageni wapo, nani atapika?

Alasiri napeleka chai, nakuta amewafunga wote.

"Mkoa huu hakuna wa kunifunga!"

Nikaweka sinia. "Nikikufunga mimi, ndugu, nakwenda unyagoni?"

Walicheka hao! Mgeni mmoja akasema, "Mpe dada kitufe, aone kama hicho nacho ni mwiko wa ugali!"

"Haya," akasema mhandisi. "Wa kwanza kufika kumi na tano."

Akanifunga mabao matano upesi upesi. Halafu mkono ukatambua: kitufe kile ni kama cha jiko la mafuta ya taa! Ukikizungusha kwa pupa, utambi unatoa moshi; ukikigusa kidogo tu, moto unakutii. Nikaacha pupa. Kumi kwa kumi. Kumi na nne kwa kumi na nne! Mgeni yule kapanda juu ya kiti, "Dada! Dada!" Nukta ikaja chini kabisa, nikagusa, ikampita.

"Bado moja, lazima unizidi kwa mawili," akasema mhandisi.

"Kumi na tano ni kumi na tano. Kisomo cha watu wazima nahudhuria, namba nazijua."

Mkewe akacheka mlangoni. "Baba, umefungwa. Kesho napika mimi."

Alfajiri nikadandia lori la korosho. Mwali haruhusiwi kuinua macho. Wangu aliyainua kidogo tu, akaniona mstari wa mbele, napiga vigelegele mpaka sauti imekauka.