Midomo ya Wafumaji

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha fonia, redio ya kupeleka ujumbe, mjini Kalemie, Shefu wa Kituo alinikalisha mbele ya redio akanipa sheria moja: "Mama Feza, hapa unasikia yote, unaandika yote, lakini hauna maoni." Nilikubali. Nilikuwa nimetoka kwenye fonia ya misheni Kongolo, na kazi niliijua. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaire. Simu za posta zilikuwa zimekufa, na barua ilingoja mpaka apatikane msafiri.

Baadaye tuliletewa modemu, kisanduku kinachogeuza maandishi kuwa milio. Milio ilipita hewani hadi Nairobi, na huko wakaitia kwenye mtandao wa kompyuta. Vijana, msifikiri ilikuwa kama leo. Ukurasa mmoja uliweza kula asubuhi nzima, na radi ikipiga upande wa ziwa, unarudia kutoka mstari wa kwanza.

Aliyetutumia zaidi ni Profesa, mwalimu wa Kiingereza kwenye chuo cha walimu. Alikuwa ameingia katika mazungumzo ya wataalamu wa ng'ambo juu ya riwaya za Amerika na historia ya viwanda vyake. Kila mmoja aliandika kwa anwani moja, na wote wakapata. Yeye aliniletea karatasi za mkono, nami nilichapa herufi kwa herufi. Mwaka wa pili nilikuwa nakielewa kile Kiingereza.

Asubuhi moja walikuwa wanabishana juu ya riwaya ya kiwanda cha nguo. Ndani yake wanawake wanaongea kwa midomo bila sauti, kwa sababu ya kelele za mashine za kufuma. Mwanahistoria mmoja alisema mwandishi amebuni tu. Profesa naye akaandika kwamba ni urembo wa hadithi, kiwandani hakuna kitu kama hicho.

Nilisimamisha vidole.

"Profesa, hii haiko kweli. Dada yangu Kabwe alifuma miaka mingi kwenye kiwanda cha hapa. Waliongea vile vile."

"Mama Feza!" Shefu aliita kutoka mezani kwake. "Kazi yako njo kutuma."

"Nasikia, Shefu. Lakini nikituma hii, nimetuma uongo juu ya dada yangu."

"Tuma, ao toka."

Nilikuwa na watoto wanne, na mshahara ule ndio uliowalisha. Hata hivyo niliondoa mikono kwenye mashine nikasimama.

Profesa alichukua karatasi yake. "Ngoja, Shefu. Anipeleke kwanza kwa huyo dada."

Tulimkuta Kabwe uani, anachambua ndagala, dagaa wa ziwani. Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na kiwanda zamani. Profesa alibaki mlangoni, akachezesha midomo bila sauti, kumuuliza amekula nini.

Kabwe alicheka. "Nimekula bukari, Papa. Sasa uniulize maneno ya kazi, usiniulize ya chakula."

Akamweleza namna walivyojifunza, namna walivyoonyana mkono wa mwenzao ukikaribia mkanda wa mashine. "Siku moja tulipanga kusimamisha kazi, tupewe nafasi ya kunyonyesha watoto. Mukubwa alikuwa anatembea katikati yetu. Hakujua kitu mpaka mashine zote zilinyamaza."

"Na mulipewa?" Profesa aliuliza.

"Tulipewa."

Profesa hakurudi nyumbani. Alikaa pale pale kwenye kigoda, akaandika ukurasa mwingine. Juu alikiri kosa lake, chini akaweka maneno ya Kabwe katika Kiingereza. Tulipoufikisha kituoni, Shefu aliusoma mara mbili.

"Nani anasaini?"

"Kabwe mwenyewe," nikasema.

Alinirudishia karatasi. "Uandike na Kalemie, wasifikiri ni kwingine."

Radi ilitusumbua, nikatuma kwa asubuhi mbili. Majibu yalipofika, yule mwanahistoria alishukuru na kuuliza maswali manne. Mwanamke mwingine wa Amerika aliandika kwamba nyanya yake alikuwa mfumaji, na mpaka uzee aliongea vile mezani, watoto wakadhani anasali. Nilimpelekea Kabwe habari hiyo. Alinitazama midomo, akafuta macho kwa kitenge.

"Muulize," akasema, "huko kwao walikuwa wanamutukana mukubwa namna gani."

Nilituma na hilo.

Nilifanya kazi ile mpaka chumba kilipofungwa. Shefu alirudi kwao Ankoro, Profesa amekufa. Wanaoanza kazi za mawasiliano wananiuliza siri ya kazi. Nawaambia jifunzeni mashine vizuri, lakini mjue pia maneno yanayopita mikononi mwenu ni ya nani.

Masikio yangu nayo yamechoka, kwa miaka ya milio. Basi Kabwe ananifundisha midomo. Anasema kiwandani msichana mpya alijua kwa wiki mbili. Mimi ni mwezi wa tatu sasa, bado nachanganya "mama" na "baba", naye ananipiga kofi mkononi. Kesho asubuhi naenda tena.