Kufuli la Mlango wa Nyuma

Watu wa umri wa mama yangu wakikutana, haupiti muda mrefu kabla mmoja wao hajaanzisha habari za simu za bomu. Miaka ile, wakati mimi sijajua hata kufunga kamba za viatu, mtu alikuwa anapiga simu dukani, shuleni, benki au ofisini, anasema, "Humo ndani kuna bomu," anakata. King'ora kinalia, watu wanamwagika barabarani, askari wanaingia na mbwa wao, hawapati kitu, watu wanarudi kazini. Baada ya siku chache, yale yale. Leo wanayasimulia kama wanasimulia harusi. Yuko kinyozi aliyemtoa mteja nje na ndevu za upande mmoja. Yuko karani aliyeokoa taipureta akasahau viatu. Yuko mwalimu aliyewapanga wanafunzi uwanjani akaendelea na mtihani wa hesabu kana kwamba hakuna lililotokea. Wanacheka mpaka wanajifuta machozi.

Mama anacheka nao. Mimi sicheki. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu nyumbani anajua, na nikiwasikia huwa natamani kuwauliza: na lile la stesheni je? Maana moja lililipuka kweli, kwenye stesheni ya treni, asubuhi watu wakienda kazini, na tangu siku hiyo hakuna aliyesikia king'ora akawa na hakika ya kurudi nyumbani. Hilo halina mcheko, kwa hiyo wanaliruka. Wanairuka pia habari ya kiwanda cha mashati, lakini kwa hiyo siwalaumu, hawakuwapo. Mama alikuwapo. Alifukuzwa kazi pale kwa kosa la kukaa kwenye kiti chake. Naisimulia mimi kwa sababu yeye akiulizwa anasema tu, "Tuligombana na meneja kuhusu mlango," kisha anaulizia chai.

Kiwanda kilikuwa ghorofani, juu ya ghala la vitambaa. Ukumbi mmoja mrefu, madirisha yenye nondo, safu za cherehani, na vumbi la pamba linaloganda kwenye nyusi mpaka wote mnaonekana wazee ikifika saa za kutoka. Mle ndani mtu aliitwa kwa kile anachoshona. Mama alishona kola, akaitwa Kola. Kulikuwa na Mfuko, kulikuwa na Pindo, na jirani yake mama, kiti kwa kiti, alikuwa dada mmoja mwembamba aliyekaa kwenye mashine ya vifungo. Huyo ndiye Vifungo. Walikula pamoja, walisengenya pamoja, na siku mmoja akiumwa mwenzake alimfichia kwa kushona haraka ili msimamizi asione pengo.

Milango ilikuwa miwili. Wa mbele uliteremka kwa ngazi nyembamba ya saruji mpaka getini. Wa nyuma, wa chuma, ulikuwa mwisho wa ukumbi, na nje yake kulikuwa na ngazi pana ya kushukia uani. Siku ya simu ya kwanza watu walitoka kwa milango yote miwili, vizuri tu, hakuna aliyekanyagwa. Ila waliporudi ndani, mashati kadhaa hayakuonekana. Sitawatetea walioyachukua. Mtu akiambiwa kuna bomu halafu akakumbuka kuchomeka shati chini ya gauni, huyo ana roho yake ya pekee, na mama mwenyewe anasema alikuwa anawajua wote kwa sura.

Meneja akala kiapo kwamba simu zile zinapigwa na wafanyakazi wenyewe, wapate kuiba na kupumzika. Akaupiga mlango wa nyuma mnyororo na kufuli, kwa ndani, na ufunguo akauning'iniza kwenye mkanda wa suruali yake. Chini ya ngazi ya mbele akaweka meza na wapekuzi wawili. Kila anayetoka anainua mikono, anapapaswa, mkoba wake unamwagwa mezani. King'ora kilie kisilie, hutoki bila kupekuliwa.

"Hebu fikiria," mama aliniambia siku moja. "Juu yako kuna bomu, na mbele yako kuna mtu anakupapasa kiunoni anatafuta mkono wa shati."

Simu ya pili ilikuja siku chache baada ya lile la stesheni, na safari hii watu hawakutoka, walimiminika. Ukumbi mzima kwenye ngazi moja nyembamba, walio juu wanasukuma, walio chini wamekwama mezani, na wapekuzi bado wanasema, "Mmoja mmoja, inua mikono." Vifungo alikuwa mjamzito, tumbo limeshatoka mbele. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika chini. Umati ukamsukumia kwenye pembe ya ile meza, akabanwa pale, na mama aliyekuwa ngazi chache nyuma yake alimsikia akiwaomba waliokuwa nyuma wasisukume. Hakuna aliyeweza kuacha kusukuma, kila mmoja alikuwa anasukumwa.

Bomu halikuwapo. Vifungo alipelekwa hospitali, na mtoto hakupona.

Mama alisubiri siku ya mazishi ipite, akaenda ofisini kwa meneja. Hakwenda kupiga kelele. Aliomba kitu kimoja, kufuli litolewe.

"Kufuli lile linalinda mali," meneja akamwambia.

"Na sisi bosi, tunalindwa na nini?"

"Nyinyi mna miguu." Akaendelea na kazi zake. Mama alipofika mlangoni, meneja akaongeza, "Na mwenye hali kama ile si angebaki nyumbani."

Kuna watu husema meneja naye alikuwa mwajiriwa, naye alikuwa na mabosi juu yake, naye aliogopa kupoteza kazi. Sawa. Wote mle walikuwa waajiriwa, wote waliogopa kupoteza kazi, na hakuna mwingine aliyetembea na ufunguo kiunoni. Mimi simhurumii. Nimejaribu, mama aliniomba nijaribu, nimeshindwa.

Vifungo alirudi kazini akiwa amekonda zaidi. Hakulia mbele za watu. Alikaa kwenye mashine yake, akashona, na mama akimsemesha anajibu neno moja, mawili, basi. Mama anasema hakuna kitu kilichomkereketa kama ule upole. Kila akigeuza shingo alikuwa anauona, na nyuma yake, mwisho wa ukumbi, analiona kufuli.

Simu ya tatu ilikuja kabla ya saa ya chakula. King'ora kikalia, watu wakasimama kwa mkupuo, viti vikaanguka, na msimamizi akaanza kupiga makofi akielekeza watu kwenye ngazi ya mbele. Mama akabaki amekaa.

"Kola, husikii?" msimamizi akauliza.

"Nasikia. Mlango wa nyuma ukifunguliwa nitatoka. Usipofunguliwa, niko hapa." Akaweka kola chini ya sindano, akakanyaga pedali.

Huwa namwuliza kama alikuwa amepanga. Anasema hakupanga chochote, miguu ilikataa tu kuelekea ile ngazi. Msimamizi alidhani amechanganyikiwa, akamshika mkono amwinue. Ndipo Vifungo, aliyekuwa ameshasimama, akarudisha kiti chake, akakaa, akachukua shati na kuanza kushona kifungo. Mfuko akaona, akakaa. Pindo akatukana tusi ambalo mama hajawahi kulirudia mbele yangu, naye akakaa. Wengine walitoka mbio, na mama hajawahi kuwasema vibaya hata siku moja. Lakini wengi walikaa. Mashine moja baada ya nyingine zikawaka, mpaka ukumbi mzima ukawa unanguruma kama siku ya oda kubwa, na king'ora juu yake kinalia.

Nikiwa msichana mkubwa nilimwuliza lile lililokuwa linanikaba siku zote. "Na mimi je? Nilikuwa mdogo, niko nyumbani na bibi. Hukunifikiria?"

"Nilikufikiria," akasema. "Nilikuwa natetemeka mpaka ile kola ilikwenda upande. Sikiliza mwanangu, ningeshuka ile ngazi siku ile, kesho yake ningeshuka tena, na siku moja ningekuwa mimi pale mezani. Nilitaka nirudi kwako kila siku, si siku ile tu."

Nilikasirika naye hata hivyo. Bado nakasirika kidogo. Ila sijui kama ningempenda hivi angekuwa ametoka.

Huko chini askari walikuwa wamefika na mbwa wao, na hawawezi kupekua jengo lenye watu. Mkubwa wao alisikia cherehani zikinguruma, akadhani masikio yanamdanganya. Akashika kipaza sauti. "Nyinyi huko juu, tokeni."

Mama akaenda dirishani, akashika nondo. Alimwona meneja uani, amejibanza nyuma ya gari la polisi, kiunoni ufunguo unang'aa kwenye jua.

"Tunataka kutoka, afande," mama akaita. "Mlango wa nyuma umefungwa kwa kufuli. Ufunguo anao huyo hapo nyuma ya gari lako."

Afande akageuka kumtazama meneja. Meneja akaufungua ufunguo kwenye mkanda upesi upesi, akampa mlinzi wa geti. "Peleka."

Mlinzi akaweka mikono nyuma. "Mimi bosi niliajiriwa kulinda geti."

"Nipe mimi, nitapeleka," afande akasema, na alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Hapana, afande," mama akaita kutoka dirishani. "Wewe hukufunga. Aliyefunga ndiye aje afungue."

"Mama, humo kuna bomu."

"Ndiyo maana tunamwomba afanye haraka."

Kuna walioangua kicheko uani, na mama anasema alikisikia, akapata nguvu. Afande akarudisha mkono wake mfukoni. Hakumwamuru meneja. Alisogea tu pembeni, akampisha njia.

Meneja akapanda. Alipita kwenye ile meza yake, akaipanda mwenyewe ile ngazi aliyozoea kuwaona wengine wakibanana, akaingia ukumbini. Kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma ilibidi apite katikati ya safu zote. Hakuna aliyemtukana. Waliendelea kushona, macho kwenye sindano, na yeye akapita jasho linamchuruzika, shati lake, lililoshonwa mle mle, limemganda mgongoni. Akaudondosha ufunguo, akauokota, kufuli likafunguka. Mnyororo ukaanguka sakafuni. Akausukuma mlango na kutaka kutangulia.

Mlango ule ulikuwa na springi, ukiuachia unajifunga wenyewe, tena kwa kishindo. Mama alikuwa ameshafika nyuma yake.

"Ushikilie, bosi," akamwambia. "Utatubamiza."

Akaushikilia. Sijui angefanya nini kingine, na watu wote wale mbele yake. Mashine zikazimwa, wakasimama, wakapanga mstari, hakuna anayesukuma. Mama alikuwa wa kwanza. Alipofika kwake akamtazama usoni, akasema, "Asante, bosi," akatoka. Mfuko akasema, "Asante, bosi." Pindo akasema, "Asante sana, bosi," na kuinama kidogo, maana Pindo hajui kuacha jambo kwa kiasi chake. Mmoja baada ya mwingine, taratibu kama watu wanaotoka ibadani, na kila mmoja na asante yake. Meneja kachomekwa pale na mlango mzito begani, kila akimaliza kupita mtu, yeye anachungulia ndani kuona mstari umebaki kiasi gani.

Kufuli halikurudi tena pale, hilo niliseme kabisa. Waliajiriwa watu wengine, akaja meneja mwingine, mlango ukabaki wazi. Mama aliachishwa kazi juma lile lile, akashonea watu nyumbani kwa cherehani ya mkono mpaka nikamaliza shule. Hajawahi kuniambia kwamba anajuta, na mimi ninamjua, angejuta ningeona.

Siku ile ya kufuli kufunguliwa, mama hakushuka ngazi papo hapo. Alisimama pale nje kwenye kibaraza cha chuma, akimsubiri jirani yake, na Vifungo ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alikuja polepole akifuta mikono kwenye gauni. Meneja, aliyekuwa ameshazoea, akangoja asante yake. Haikuja. Vifungo alisimama mbele yake kizingitini.

"Pita, dada," meneja akasema. "Pita, tafadhali."

"Nilikuwa nimeshampa jina," Vifungo akasema.

Meneja akafungua mdomo. Mama aliona kabisa anataka kuuliza ni jina gani.

"Usiniulize," Vifungo akamwambia. "Wewe hutalitamka."

Akatoka.