Chupa ya Kombe Kando ya Makubadhi

Nilipokuwa nasomea shahada ya uzamili ya famasia ya kitabibu, nilipelekwa kufanya mafunzo ya wodini katika hospitali moja mkoani Lindi, mkoa niliokulia. Hakuna aliyejua nisimame wapi. Mfamasia wanayemjua watu ni yule wa dirishani, anayekupa vidonge na kukwambia kutwa mara tatu. Kila asubuhi niliwafuata madaktari kitanda kwa kitanda, nimesimama nyuma yao kama jirani aliyekuja kuomba chumvi, na daktari bingwa alipenda kunitania: "Mfamasia, umepotea? Dirisha liko kule." Wenzake walicheka. Niliudhika, lakini niliendelea kuwafuata, maana ndiye ambaye angenitahini mwishoni.

Alikuwepo mzee mmoja wa kijiji cha Sudi, mgonjwa wa moyo. Miguu ilimvimba hata makubadhi yake hayakuingia. Yalikaa chini ya kitanda tangu alipolazwa. Alipewa dawa ya kukojoa ili maji yapungue mwilini, lakini hayakupungua. Kila alipoulizwa anakunywa maji kiasi gani, alijibu kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, kama alivyoagizwa. Wakamwongezea dawa, na vipimo vikaonyesha figo zimeanza kuelemewa. Daktari bingwa akasema kesho tungeongeza tena. Niliogopa kwamba tungemtoa maji na figo pamoja.

Mchana nilivuta kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Sikumuuliza habari za maji. Nilimuuliza dawa anazotumia, za hospitali na za nyumbani, kwa kuwa ndiyo kazi niliyofundishwa. Alinitajia vidonge vyake vyote, kisha akasema, "Na kombe."

Binti yake, aliyekuwa anamuuguza, akainama akatoa chupa kubwa ya maji ya manjano kando ya makubadhi. Mwalimu wa madrasa wa kwao alikuwa anaandika aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaziosha kwa maji, maji hayo yanatiwa chupani, na mzee anamaliza chupa kila siku.

"Mbona hukuwaambia madaktari, baba?"

"Waliniuliza maji," alisema. "Hii ni dawa."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuwa amemficha mtu kitu. Hata mimi nilinyweshwa kombe kabla ya mtihani wa darasa la saba, na haikunipitia akilini hata kidogo kwamba nimekunywa maji.

Kesho yake nililisema mbele ya wote. Safari hii hakuna aliyecheka. Daktari bingwa, mtu wa bara, aliiacha dawa ilivyokuwa, akaniambia, "Basi kamkataze." Nilijua nikimkataza atakunywa nikigeuka tu. Nikamwomba binti ampigie simu mwalimu. Mwalimu hakubishana. Alisema baraka iko kwenye maneno, wala si kwenye wingi wa maji. Kijiko kimoja kwa siku kinatosha.

Ikabaki chupa ya siku ile, haijaguswa. Maji yenye aya hayamwagwi kwenye sinki, hilo nimelijua tangu utotoni, kwa hiyo nilisimama nayo mkononi sijui niipeleke wapi.

"Kunywa wewe," akasema mzee, ambaye nilikuwa nimemdokezea habari za mtihani wangu. "Si una mtihani?"

Nikaanza pale pale, nikaimaliza jioni.

Uvimbe ulipungua taratibu, na figo zikatulia. Siku aliyoruhusiwa, mzee alivaa makubadhi bila kusaidiwa, akatembea hadi mlangoni, akasimama.

"Na mtihani?"

"Nimefaulu, baba."

Akamgeukia binti yake. "Unaona? Mimi kijiko kimenitosha, seuze yeye, chupa nzima."

Nilikuwa nimesoma hadi macho yananiuma. Nikamjibu, "Kweli, baba."