Buti za Mbuni na Mguu wa Kulia wa Babu Benno

Babu yangu Benno Kubala ana miguu miwili ya saizi mbili. Wa kushoto ni mguu tu wa mzee. Wa kulia ulikanyagwa na ng'ombe pale mnadani, mfupa ukavunjika, ukaunga vibaya, na sasa juu yake kuna nundu kama kiazi kidogo. Ukimwomba akuonyeshe anakuonyesha. Usipoomba pia anakuonyesha.

Amefanya kazi kwenye mnada wa mifugo hapa Lipova, Texas, tangu baba yangu hajazaliwa. Kazi yenyewe ni kufungua geti, kupitisha ng'ombe, kufunga geti. Ukimwambia hivyo ananuna. "Sawa," anasema, "na rubani naye anakaa tu kwenye kiti." Maana inabidi ujue ng'ombe yupi atageuka ghafla na yupi anatishia tu. Yule aliyemkanyaga wala hakugeuka. Alirudi kinyumenyume, taratibu kabisa, kama mtu anaegesha gari.

Kazini anavaa buti zake za kauboi za ngozi iliyogeuzwa, yaani ule upande wa ndani wa ngozi ndio umetokea nje, una vinyweleo laini kama shavu la ndama. Mimi hizo buti nazipenda kuliko zote kwa sababu hazina masharti. Ukizikwaruza kwenye chuma, alama huioni. Polishi hupaki. Mafuta ndiyo usithubutu, yanalaza vile vinyweleo na buti inabaki na mabaka kama imemwagiwa mchuzi. Unaziacha zikauke, unapiga brashi ngumu, umemaliza. Kitu kimoja tu: mkojo wa ng'ombe. Huo lazima uusuuze siku ileile, ukilala pale unakula uzi wa mshono. Kwa hiyo babu akitoka mnadani anaenda moja kwa moja kwenye bomba la nje, hasalimii mtu, anasuuza, halafu anaziweka kivulini. Sio juani na sio karibu na jiko, kwa sababu ngozi ikikaushwa kwa haraka inapasuka.

Pamoja na usafi wote huo, bibi hazitaki. Bibi Adolina amechora mpaka wake, na mpaka ni kizingiti cha mlango.

"Buti hizo mwisho ni kibarazani, Benno."

"Nimezisuuza."

"Hata ng'ombe ukimsuuza bado ni ng'ombe."

Sasa, kitu alichokuwa anakililia babu mwaka huu ni msafara. Kila harusi ya kwetu inafanyika ukumbi wa dansi, na kila harusi ina msafara: watu wanafuatana wawili wawili, halafu wanne wanne, halafu nane nane, mpaka ukumbi mzima unatembea kama kamba moja. Kabla ya hapo wale wawili wa mbele wanacheza polka, ile dansi ya Kicheki ya kuzunguka kwa kasi, peke yao, wanazunguka ukumbi wote mzunguko mmoja, na watu wameegemea ukuta wanawaangalia. Nikiwa mdogo nilidhani ni sheria kwamba hao wawili ni Benno na Adolina. Kumbe hakuna sheria. Ni kwamba hakuna aliyewahi kufikiria watu wengine.

Baada ya mguu kuvunjika, msafara ukachukuliwa na Leonard Hajek, binamu yake babu, na mke wake. Leonard anacheza vizuri, shida yake ni kwamba anajua. Na kipindi harusi ya shangazi Loretta inakaribia, Leonard akawa anawaambia watu pale duka la chakula cha mifugo kwamba kama Benno hataweza hata harusi ya mtoto wake wa mwisho, basi tukubali tu, nafasi imeshahama. Babu akaletewa hayo maneno yakiwa bado ya moto.

Shangazi Loretta naye akaja kumwambia uso kwa uso. "Baba, mimi nataka uongoze wewe. Lakini kama mguu hautaki niambie mapema nimwambie Leonard. Sitaki uanguke mbele ya watu."

"Nitaanguka kwa sababu gani?"

"Juzi umeanguka ukishuka kwenye pikapu."

"Ile nilikuwa nashuka haraka."

Buti zake za zamani za sherehe ni ngozi ya ndama, nyeusi, ngumu, na nundu haiingii humo hata kwa maombi. Za mnadani bibi alishasema zikikanyaga kanisani yeye anabadilisha dhehebu. Ikabidi twende dukani kwa Wanda, muuza buti, mimi nikiendesha, bibi katikati, babu dirishani ananiambia nipunguze mwendo.

Duka la Wanda lina harufu nzuri mpaka unataka kulala humo. Babu akaenda mbio kwenye mjusi, ile ngozi yenye magamba madogo madogo yanayong'aa.

"Mjusi unampenda, yeye hakupendi," Wanda akamwambia. Wanda ni mama mnene mwenye miwani kichwani na miwani nyingine shingoni. "Ngozi yake nyembamba. Ukisahau kumpaka mafuta magamba yananyanyuka, na hicho kiazi chako kitampasua."

"Leonard anavaa mjusi."

"Leonard hana kiazi."

Akajaribu mamba. Mamba ni mgumu, unahitaji muda mrefu wa kumzoesha, babu akatembea kama mtu amefungwa mbao. Akajaribu kangaruu. Huyo ni mwepesi ajabu na ni imara, ila ngozi inashika mguu kama soksi, nundu ikajichora yote hata mtu aliye barabarani angeiona. Bibi akacheka mpaka akaomba kiti.

Mwishoni Wanda akaleta mbuni, ngozi ya kahawia yenye vile vipele pale manyoya yalipotoka. Mbuni ndiye mpole kuliko wote, analegea, anafuata mguu ulivyo. Babu akashika yale masikio mawili ya buti, vile vitanzi vya kuvutia, akavuta. Buti nzuri ikiingia kisigino kinatoa mlio, pu, kama kifuniko cha chupa. Kushoto, pu. Kulia akasimama kidogo katikati, akakunja uso, akavuta tena. Pu.

Wanda akambonyeza juu ya mguu. "Kisigino kinacheza?"

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo inatakiwa. Soli ikishalainika kitatulia. Hapa juu?"

"Hapa juu pamenishika kama mama mkwe."

"Mama yangu alikupenda," bibi akasema.

"Ndiyo hivyo hivyo."

Nyumbani babu akawa kama kapata mtoto mchanga. Mbuni anakunywa mafuta sana, akikauka anakuwa na mikunjo ya kizee, kwa hiyo unampaka mafuta ya ngozi kidogo kidogo kwa kitambaa laini, unazungukia kipele kimoja kimoja. Mimi nikamwonyesha video kwenye simu, jamaa anapaka mafuta ya zeituni. Babu akaangalia mpaka mwisho kwa heshima, akanirudishia simu. "Huyo mwambie amesahau nyanya na kitunguu." Halafu akachukua kile kigogo cha mwerezi kinachowekwa ndani ya buti ili isipoteze umbo, akachonga kipande kingine cha mti, akakigundisha juu yake mahali pa nundu. Yaani kigogo nacho kikapata kiazi. Buti ya kulia ikakaa nacho humo inatanuka polepole.

Yote yalikuwa yanaenda vizuri mpaka alipojaribu kutembea nazo jikoni. Soli mpya ya ngozi kwenye vigae ni kama sabuni. Akateleza, bibi akamdaka kwa mkanda, wakabaki wameshikana pale karibu na friji. Babu akaona ni kichekesho. Bibi hakucheka, na bibi huwa anacheka.

Kesho yake bibi akazichukua buti kimya kimya akazipeleka kwa fundi viatu mji wa pili, zikawekwa soli ya mpira. Nyembamba, ya rangi ileile, huioni mpaka ugeuze buti juu chini. Babu akaambiwa zimeenda kung'arishwa. Akavaa, akatembea kwenye vigae, hakuteleza. Akatembea tena kwa madaha.

"Unaona?" akasema. "Mguu umepona."

Bibi akaendelea kukanda unga wa kolachi, ile mikate mitamu yenye tunda katikati. Na babu akampigia simu Loretta hapohapo: mwambie Leonard akae na mjusi wake.

Hapa ndipo mimi mpaka leo nashangaa. Bibi amekulia kwenye ukumbi ule. Anajua kabisa kwamba kabla ya dansi watu wanatembea na ndoo wanarusha unga wa mahindi sakafuni ili soli ziteleze, maana polka ni kuzunguka, na huwezi kuzunguka kama mguu hautelezi. Mtoto mdogo wa Lipova anajua hilo. Lakini alikuwa anauangalia ule mguu tu, sakafu akaisahau.

Siku ya harusi, kanisani safi. Babu alipendeza, mbuni anang'aa, Wanda mwenyewe alinyoosha kidole gumba kutoka benchi la nyuma. Ukumbini tukala soseji na nyama ya kuchoma na viazi, meza zikasogezwa, unga ukamwagwa. Wapiga kodiani wanajaribu sauti. Babu akaenda pembeni karibu na jukwaa, kupima sakafu, akajizungusha mara moja.

Mwili ukazunguka. Mguu ukabaki. Akakamata nguzo. Akainua buti ya kulia akaangalia chini.

"Adolina. Hii ni nini?"

Bibi akaja. "Mpira."

"Mpira wa nini?"

"Wa kukuzuia usianguke."

Babu akaweka mguu chini taratibu. "Umefanikiwa," akasema. "Siwezi kuanguka. Wala siwezi kugeuka."

Bibi akaangalia ule unga sakafuni kana kwamba ndio kwanza anauona.

Mimi nikasema tuubandue kwa kisu. Babu akatikisa kichwa, chini yake kuna gundi, na gundi kwenye unga wa mahindi ni kutengeneza uji. Na Leonard alikuwa ameshafika, amesikia nusu. Sina ubaya naye, alisema kwa upole kweli. "Binamu, hakuna aibu. Mimi na mke wangu tuko tayari."

"Najua uko tayari. Uko tayari tangu Pasaka."

Loretta akaja ameshika gauni lake kwa mikono miwili. "Baba, niambie tu. Wanaanza sasa hivi."

Babu akaliangalia gauni, akamwangalia Leonard, nikaona kabisa anataka kusema ndiyo, mpe Leonard. Bibi akamkatiza.

"Zile zako ziko wapi?"

"Zipi?"

"Benno, usijifanye."

Babu akakuna shingo. "Nyuma ya kiti cha pikapu."

"Nilijua," bibi akasema. "Nilijua kuna kitu kinanuka humo njia nzima." Akamgeukia Loretta. "Waambie wapige wimbo mmoja mwingine kwanza."

Picha ninayo kwenye simu, kwa hiyo mtu asiniambie natia chumvi. Bibi Adolina, gauni la lesi ya bluu, amekaa nyuma ya pikapu, buti ya mnadani mapajani juu ya leso ya mezani, anakwangua ukingo wa soli kwa kisu cha keki. Halafu akachukua brashi ngumu ya babu akaanza kupiga.

"Kwa kwenda upande mmoja," babu akasema. Yupo pembeni na soksi tu.

"Nimekuona ukipiga brashi hizi maisha yangu yote, unanifundisha?"

"Nilidhani huangalii."

Bibi akaigeuza. Soli za ngozi, zimesuguliwa na saruji ya mnadani mpaka zimekuwa laini kama sahani. Akapitisha kiganja juu yake. Ile ya kulia, pale juu, ngozi ilishajitanua yenyewe zamani, ilikuwa na umbo la nundu tayari bila kigogo chochote. Akampa.

"Ukinikanyaga na hizi," akasema, "nakuacha hapohapo katikati ya ukumbi."

Wakaingia. Kodiani ikaanza. Mzunguko wa kwanza wa mwili niliangalia mguu tu, wa pili pia, halafu nikaona mabega ya babu yameshuka na mguu wa kulia unateleza juu ya ule unga kama kawaida, unachelewa kidogo tu kila zamu, na bibi anausubiri. Hakuna ambaye angejua kwamba anausubiri kama hajawaona miaka yote. Wakamaliza ukumbi mzima. Kisha watu wakajipanga nyuma yao, Loretta na mumewe kwanza, Leonard na mkewe baada ya hapo, na msafara ukaenda.

Harufu ilikuwepo, siwezi kudanganya. Wanapopita karibu na ukuta unaona watu wanaangalia chini ya viatu vyao. Walipofika usawa wangu Leonard akasema kutoka nyuma, "Ng'ombe gani huyo?"

"Yuleyule aliyenikanyaga," babu akajibu bila kugeuka.

Tangu hapo kumekuwa na harusi nyingine, na waliokuja kuombwa waongoze ni babu na bibi. Buti za mbuni babu anavaa kanisani, na mpira kakataa usitolewe, maana zile ngazi za kanisa mvua ikinyesha ni hatari. Bado anazipaka mafuta, kipele kimoja kimoja. Za mnadani zinalala kibarazani. Nilimuuliza bibi kama sasa zinaweza kuingia ndani, akaniangalia kama nimemuuliza kama ng'ombe anaweza kuingia ndani. Ila brashi ameihamisha. Zamani ilikuwa kwenye pikapu, sasa imetundikwa kwenye msumari pale mlangoni, upande wa ndani.