Sauti ya Nkambo kwenye Fonie

Miaka ile kiwanda kilipokufa, na simu za posta zikakifuata, mji wetu wa Likasi ulizungumza na ndugu wa mbali kwa fonie. Ilikuwa redio moja ndani ya chumba pale Kikula, mikononi mwa bwana aliyejipa mwenyewe cheo cha injinia. Bwawa la umeme la Koni haliko mbali, lakini umeme ulitutembelea kama mgeni mwenye haraka, kwa hiyo redio ilikula betri ya gari.

Shida ya fonie ni kwamba mashine mbili, yetu na ya mji wa mbali, lazima zikubaliane masafa yale yale kabisa. Zikipishana kidogo, padri anaongea kama bata. Zikipishana upande wa pili, bibi harusi ananguruma. Betri ikichoka, masafa yanahama tena, na injinia anazungusha kitufe chake amekunja uso. Tulishazoea. Watu waliposwa na bata, wakakubali.

Mama alikuja kwa jambo moja tu: kumsikia mama yake, yaani nkambo, bibi yangu. Nkambo alikuwa amepanda treni ya watu wa asili ya Kasai waliofukuzwa mkoani kwetu, kurudi kwao alikotoka akiwa mtoto, pamoja na mama mdogo, yaani mdogo wake mama. Hatukujua kama nkambo alifika mzima.

Bata akatokea: “Mwanangu, minye niko muzuri. Nilifika.”

Foleni nzima ya waliongoja zamu ikapiga makofi. Mwalimu wa kwaya, ambaye hakuulizwa, akathibitisha kwamba huyo ni mwanamke mzee. Mama akalia kwa furaha, na mimi pia. Nilimpenda hata injinia.

Lakini injinia alitaka sifa. “Ngoja, mama, nitakuwekea sauti yenyewe.”

Akazungusha kitufe polepole. Bata akashuka, akawa mtoto, akawa mwanamke, kisha sauti ikatulia, safi, kana kwamba mtu yuko nyuma ya mlango: “Ninakula, ninalala, usilie.”

Haikuwa ya nkambo. Ilikuwa ya mama mdogo, akijikwaruza koo ili asikike mzee.

Injinia alikuwa anachekelea, anangoja asante, na mwalimu wa kwaya akasema sasa ndiyo inasikika vizuri. Ningewapiga wote wawili. Mama alifuta uso kwa kitenge, akamgeukia injinia.

“Urudishe vile ilikuwa,” alisema. “Ile ya bata.”

Injinia akarudisha, amenuna. Mama akakiinamia kipaza sauti.

“Mama, niko nakusikia. Sema tena.”