Nguzo Zenye Kivuli

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Karatu, Mkuu wa Kitengo cha Takwimu hakuuliza cheti. Alinionyesha chati ya maji kwenye tovuti ya ofisi, nguzo bapa za bluu, moja kwa kila kijiji. "Binti yangu, hizi zimelala kama ngozi iliyoanikwa," akasema. "Zisimamishe."

Ninyi vijana mnabofya tu, nguzo inanyanyuka. Sisi tulichora uso wa mbele, tukaongeza ubavu wa rangi iliyokolea na juu kifuniko chenye mwanga, kisha tukaamua jua liko wapi. Ukishaliweka jua lako hulihamishi, la sivyo vivuli vinagombana na msomaji anapata kizunguzungu. Nguzo fupi hukaa mbele, ndefu isije ikaimeza.

Tulipohamishiwa Wasso ndipo nilipogundua kwamba macho ya mzee, mkuu wangu huyo, yanakwisha. Kila asubuhi alisogeza pua hadi kwenye skrini akasema, "Kaza kivuli kidogo." Nikakaza. Nguzo bapa hakuziona kabisa. Zenye ubavu mweusi alizisoma. Alikuwa amekaribia kustaafu, na niliogopa wasije wakamwondoa kabla ya siku yake. Hatukulizungumza hata mara moja. Nilimpenda mzee yule, nasema wazi.

Kisha akaja Mratibu wa Tovuti kutoka Arusha, kijana nadhifu. "Mama, pande tatu zinadanganya macho," akaniambia. "Kuanzia Jumatatu kila kitu bapa."

Kwa haki, hakukosea. Lakini Jumatatu hiyohiyo mzee alitakiwa kuwasomea madiwani chati ya maji, waamue kisima kipya kichimbwe wapi. Chati bapa ikimulikwa ukutani, yeye angeona ukuta mtupu.

Jumapili nilipotoka kanisani nikakanda udongo, kama mama yangu alivyokanda wa vyungu, nikafinyanga nguzo kwa vipimo vilevile. Asubuhi nikazipanga mezani kwake.

"Vijiji vyako hivi, mzee."

Akazipapasa moja moja. Kidole kikasimama. "Hii ni ipi?"

"Endulen."

"Fupi hivi?"

"Ndivyo ilivyo."

Mkutanoni alisoma kwa vidole, uso ukiwaelekea madiwani, halafu akawapitishia wazishike. Ile ya Endulen ilipotea kiganjani mwa kila aliyeishika, na kisima kikaenda huko. Wote walidhani ni ufundi mpya. Hata Mratibu alipiga picha akaiweka kwenye tovuti, na vivuli vyake vyote.

Nami nimestaafu sasa. Wakiniuliza kuhusu kazi yangu, namkumbuka mzee siku alipoagwa, akiwa bado Mkuu wa Kitengo. Alinyoosha mkono kuniaga, ukapita pembeni kidogo. Nikausogeza wangu ukakutana na wake, na hakuna aliyejua.